Kifusi cha Babu Yako

Mjukuu wangu,

Kichwa chako ni kigumu, na aliyekukabidhi koleo hakukupenda. Nimelitanguliza hilo lisije likanikwama kooni. Sasa salamu. Hujambo, mume wangu? Kile kikohozi kimekuacha? Huko gereji wanakupa nafasi ya kula, au unakula umesimama kama punda? Sisi huku wazima wote. Baba yako mzima, dada yako Kijiko mzima, bado anaunguza sufuria. Mimi magoti yananisumbua, lakini mdomo hauna ugonjwa.

Unakikumbuka kifusi cha nyuma ya chumba chako. Babu yako alikibeba kwa karai kutoka kwenye majumba yaliyokuwa yakibomolewa: matofali nusu, vigae, kokoto, majivu, hata kitasa cha mlango kimo humo. Akalijaza lile korongo la nyuma ya nyumba, akajenga ukuta wa mawe wa kukizuia, ndio ukuta wa nyuma wa chumba chako, halafu akakataza mtu kukigusa mpaka kikae. Nilimwuliza kitakaaje kitu kisicho na makalio. Akaniambia ni kama watu waliobanana kwenye benchi: huyu anasogeza nyonga kidogo, jirani naye anasogea, mwisho wanapata namna. Lakini ukimwinua mmoja, benchi zima linaanza upya.

Wewe ukamwinua mmoja. Ulitaka pa kulaza pikipiki, ukang'oa mawe ya chini ukutani, ukachimba pango. Nilipokusema ukanicheka, ukasema mbona limesimama. Ukafunika tundu kwa shuka baba yako asione, ukapanda pikipiki ukaenda zako.

Ulipoondoka, pale ukutani juu ya tundu pakatokea ufa mwembamba kama unywele. Nikafanya alivyokuwa akifanya babu yako: nikachukua kipande cha kioo, nikakibandika kwa saruji, ncha moja upande huu wa ufa, ncha nyingine upande ule. Kioo hakijui kuvutika. Ukuta ukisogea, kinakatika. Basi nikawa nalala mchana kitandani kwako, uso nimeuelekeza ukutani. Usingizi wa ajabu ule. Nilisikia chembe zikidondoka nyuma ya mawe, moja, kimya, nyingine, kama mtu anayechambua mchele huku mawazo yake yako mbali. Nikaota kilima chote ni uji mzito, kinainama polepole, na babu yako yumo ndani na karai lake kichwani. Nikamwuliza mbona anatembea ilhali amezingirwa na mawe. Akasema wote humo wanatembea tangu zamani, ila macho yangu ndiyo yana haraka.

Mvua zikaja, zikapita, kioo kizima. Baba yako akanitania kwamba nimeolewa na ukuta. Kisha juzi, mchana mkavu usio na wingu, niliamka nikakuta kioo kimekatika katikati. Nikavuta mlango, ukakwaruza sakafu, na asubuhi haukukwaruza; basi chumba kimeshasogea. Kijiko alikuwa akipiga pasi humo. Nilimtoa kwa kumvuta sikio, naye njia nzima ananiuliza kosa lake ni nini.

Hakumaliza kuuliza. Nimekuambia wazima wote, na ni kweli, lakini chumba chako hakipo tena. Hakikuanguka kwa kishindo. Ukuta uliinama kama mtu anayesinzia, halafu kifusi kikamiminika kama nafaka kwenye gunia lililotoboka, kikafunika kitanda, kikaja kusimama mlangoni mwa jiko. Vumbi likakaa hewani, jua likapita ndani yake, pakawa pazuri, Mungu anisamehe.

Sasa balaa lenyewe. Baba yako anasema ni zile mvua. Jumamosi analeta watu wazoe kifusi chote, ajenge pale pale. Nimemwambia kilichoporomoka ndicho kinachoegemewa na kilichobaki juu. Akikizoa, cha juu kitatufuata jikoni. Anasema kile cha juu ni jiwe, kimekaa tangu enzi za babu yako. Hataki kusikia kwamba kimeshtuliwa, na sasa ni kichanga, kinaanza kukaa upya. Nikamwambia ulichimba. Akajibu, Mama, mwanangu hana ujinga huo. Na pango lenyewe limefukiwa, nitamwonyesha nini?

Basi nimeweka kiti changu mbele ya kifusi, na ndipo ninapoandikia. Mara mojamoja kokoto inateremka, inanigusa kisigino, inatulia. Lakini watu wa koleo watanizunguka tu, kibibi kitini si ukuta.

Wasalimie wenzako wa gereji, na huyo bosi wako anayejua kununa. Kijiko anakusalimu, anasema sikio bado linamuuma na ni kwa ajili yako.

Ni mimi, bibi yako, mwenye kiti.

Panda hiyo pikipiki ufike kabla ya Jumamosi. Usipitie kwa rafiki, usioge kwanza. Msimamie baba yako usoni, umwambie kwa mdomo wako ulichimba wapi na kwa kina gani. Na koleo liache huko huko.