Mkuu Wangu Anafuta Hesabu za Hyasinta

Mpendwa Bibi Sitara,

Nisaidie kabla sijamrushia mkuu wangu hadubini, maana nina miaka arobaini na tisa, kitambi, na mkono usiolenga, nitampiga mtu mwingine bure. Ofisi yetu iko ghorofani Mtaa wa Narung'ombe, tunakagua vioo vya picha kutoka ng'ambo, ambako viini vizito vya atomi hugonganishwa hadi vivunjike, nasi tunahesabu vipande, tukitafuta lile joto ambalo kiini kikilifikia hakijui tena kama ni kimiminiko au mvuke, na dalili yake ni idadi ya vipande kupishana vibaya, mgongano huu vitatu, unaofuata kumi na tisa. Basi Hyasinta, mhesabuji wetu bora, akaleta hesabu za namna hiyo hasa, na mkuu wetu, Ndugu Melkiori, akamwambia mbele ya wote, "Dada, namba hizi zimelewa! Ulihesabu huku unawaza foleni ya sabuni?" akazipiga mistari zilizopishana, akabakiza zinazofanana, na mwisho wa mwezi anazituma ng'ambo na kumwachisha Hyasinta kazi kwa uzembe. Wiki iliyopita nilivirudia vioo vyote vya Hyasinta, na hesabu zake ni sahihi, lakini Melkiori ndiye aliyenifundisha kazi, nikimwona nasema "Ndiyo, Ndugu Mkuu" kama kasuku, halafu nafika nyumbani namfokea mke wangu eti chai ina moto. Nifanyeje?

Shomari, Kariakoo

Ndugu Shomari,

Pole. Mwombe mkeo radhi. Chai huwa ya moto. Hasira yako ni ya haki, ila umeipeleka nyumba isiyohusika. Mimi viini sivijui, barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuna penseli, lakini hili nimelielewa: mnatafuta kitu ambacho dalili yake ni kupishana, na mkuu wako anakifuta kwa sababu kinapishana! Huyo hatafuti kitu, anapanga vikombe kabatini. Na wewe je? Wiki nzima unajua ukweli umeukalia, mwenzako anaitwa mzembe. Ndiyo heshima gani hiyo, kumwacha mwalimu wako akaaibike kwa wageni?

Kesho asubuhi, kabla hajafungua gazeti, mpe shikamoo yake, mwekee kioo kimoja cha Hyasinta, hesabu umeificha, mwambie, "Nihesabie hiki, Ndugu Mkuu." Afike kumi na tisa kwa jicho lake mwenyewe. Akikataa, andika hesabu zako za marudio, tia sahihi, ziende pamoja na ripoti. Na usiandike "nadhani."

Lakini leo hii nenda nyumbani kwa Hyasinta, mwambie hesabu zake ni sahihi na ulijua tangu wiki iliyopita. Atakufokea. Kaa, msikilize mpaka amalize.