Kiti Ng'ambo ya Kiwanja

Jumatatu, 4 Mei

Mazoezi kwenye mvua, kama kawaida. Ipyana amepoteza njumu moja kwenye tope, tumeitafuta kwa mikono. Gwakisa, nahodha, amefunga mabao matatu na kujisifu mpaka bafuni. Nimemzungusha kiwanja, sasa ametulia.

Chuo kinataka niandike historia ya timu, ibandikwe ukumbini siku ya fainali. Kurasa mbili. Nani anaijua kuliko mkwe wa mwanzilishi, wameniambia. Ni kweli, na shida yangu ndiyo hiyo.

Baba mkwe ndiye aliyeianzisha. Alikuwa mwalimu wa hesabu hapa chuoni. Aling'oa migomba na wanafunzi wake, wakasawazisha kiwanja kwa majembe, wakacheza bila jezi. Baadaye vyuo vya mjini vikawa vinapanda mpaka Tukuyu kufungwa. Makombe karibu yote yaliyoko kabatini ni yake.

Nami sijawahi kuzungumza naye. Nimeolewa miaka mingi, tunaishi mji mmoja, nyumba zinatazamana, na uso wake siujui vizuri. Kwa Wanyakyusa wa kizamani mke hakutani na baba wa mume. Nikimwona njiani naingia kwenye shamba la chai mpaka apite. Jina lake silitaji, na hapa siliandiki. Wenzangu wengi wa mjini wameshaacha, wanakula na baba wakwe meza moja. Mzee wetu hajaacha, na mimi sitaki kuwa wa kwanza kumvunjia heshima.

Alhamisi, 7 Mei

Nimemtuma mama mkwe na maswali mawili. Kombe la kwanza lilipatikanaje? Na kwa nini ile kona ya upande wa migomba haikufukiwa, maana kila masika inageuka dimbwi?

Mama amerudi na jibu. "Anasema beki wako wa kushoto anasinzia."

Basi. Hakuna historia. Kumbe anatuangalia mazoezini akiwa nyuma ya migomba.

Jumapili, 10 Mei

Beki wa kushoto anasinzia kweli. Nimeudhika siku nzima, hata kanisani.

Niandike na hili, kwa kuwa linanikaba. Mimi ni kaimu tu. Kocha aliyekuwepo alihamia Mbeya katikati ya msimu, wakanipa timu kwa sababu nafundisha michezo na nilikuwa karibu. Mkuu wa chuo alinieleza mapema: kombe likibaki hapa, timu ni yangu. Likiondoka, wanaye mwanaume mmoja mwenye vyeti vyake. Aliyasema kwa upole. Ule upole ndio ulioniudhi.

Naitaka timu hii. Sitaki kujifanya vinginevyo.

Jumatano, 13 Mei

Lori la kifusi limefika asubuhi. Ofisi inataka kufukia dimbwi, wageni wasitucheke siku ya fainali. Niliona ni wazo zuri.

Mara mama mkwe huyo, anapanda kilima anahema, khanga imelowa. "Baba yako anasema lile dimbwi wasiliguse."

Kwa nini? Hajui. Hakuambiwa.

Nimemrudisha dereva wa lori. Amenuna, mhasibu naye amenuna. Nimewaambia ni uamuzi wa benchi la ufundi. Benchi lenyewe limejificha kwenye migomba.

Jumamosi, 16 Mei

Nusu fainali, Kiwira. Tumeshinda tatu bila. Salumu, kipa wetu, amepangua penalti kwa mguu huku mwili umeshakwenda upande mwingine. Baba yake ana duka Msasani, hii ya hapa Tukuyu. Alikuja na ndoo nzima ya sambusa, akagawa mpaka kwa mwamuzi. Vijana wameimba njia nzima kurudi, sauti zimewakauka. Na mimi nimeimba.

Beki wa kushoto hakusinzia.

Ujumbe wa jioni kutoka nyumba ya pili: msisherehekee sana.

Jumanne, 19 Mei

Historia imekwisha, kasoro namna lilivyopatikana kombe la kwanza. Ambele, mume wangu, ndiye aliyepiga chapa jina la baba yake kila lilipotokea. Mimi nilikuwa nasoma, nikilifikia nanyamaza, yeye anabofya. Tumecheka sana.

Kicheko hakikudumu. Mshauri wa wanafunzi amemwalika mzee kuwa mgeni wa heshima siku ya fainali. Akae benchi, kiti cha pembeni yangu. Amekwenda mwenyewe kumwalika, na tangazo limeshabandikwa. Hakufikiria kuniuliza. Anatoka Dodoma, ana nia njema na haraka nyingi.

Nimemweleza. Alidhani namtania. Aliponitazama vizuri akaacha kucheka.

Mzee amekubali mwaliko. Atakataaje? Timu ni yake. Na nani atamwambia sasa kwamba asije? Kumzuia ni kumtukana mbele ya wilaya nzima. Kukaa naye ni kumtukana vilevile.

Ijumaa, 22 Mei

Nimeamua. Edom, msaidizi wangu, atasimama benchi. Mimi nitakuwa nyuma ya goli na mwamvuli, kama mtazamaji. Nimempa maelekezo yote. Anatikisa kichwa kwa kila kitu, jambo linalonitia hofu.

Mkuu wa chuo ataona kaimu aliyekimbia fainali. Hata akieleweshwa, kesho kutwa atakumbuka tu kwamba sikuwepo.

Nimelia jikoni. Hasira, hakuna kingine. Mama mkwe aliingia kuchukua moto, akaniona. Hakuuliza. Wakati wa kutoka akasema, "Kesho vaa viatu vya kukimbilia, mwanangu."

Sikumwelewa.

Jumamosi, 23 Mei

Niandike kabla sijalala.

Mvua tangu alfajiri. Watu kila mahali, mpaka juu ya ukuta wa bweni. Wapinzani walishuka kwenye basi lao na jezi nyeupe. Nyeupe, Tukuyu, mwezi wa tano. Nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza wiki hii.

Mzee alipoonekana getini nilikuwa nimeshaanza kuondoka. Nilimwachia Edom filimbi, nikainamisha uso, nikaelekea nyuma ya goli. Watu walikuwa wananiita, kocha, kocha, unakwenda wapi. Sikugeuka.

Kisha uwanja ukanyamaza. Ndipo nikageuka.

Mshauri alikuwa anamwonyesha mzee kiti chake pale benchi. Mzee alikitazama. Akakiinua, kiti chenyewe, cha plastiki. Wanafunzi walikimbilia kumpokea, akawakatalia kwa fimbo. Akaanza kutembea akichechemea, mguu wake mmoja ni mbovu. Akapita kandokando ya mstari, akazunguka goli la upande wa pili, tope mpaka kwenye vifundo, hakunitazama hata mara moja. Akafika ng'ambo kabisa, mkabala na benchi. Akakiweka kiti chini. Akafungua mwamvuli, akakaa.

Vijana hawakuelewa. Kina mama wa kanisani walielewa kabla yangu. Vigelegele vilianzia kwao. Kwa desturi anayepisha njia ni mkwe. Miaka yote hiyo nimepisha mimi. Leo amepisha yeye, mbele ya watu wote.

Nilirudi benchi nikikimbia. Viatu vilinifaa.

Kipindi cha kwanza wakatufunga. Kosa la kona, si la Salumu. Gwakisa akasawazisha kwa kichwa mara tu baada ya mapumziko, uwanja ukawaka. Kisha hakuna kitu. Gwakisa ni wa chenga, na upande tuliokuwa tunashambulia ni ule wa migomba. Kila akikokota mpira unazama dimbwini. Anapiga chenga maji.

Nikamtoa.

Nimezomewa, sidanganyi. Mkuu wa chuo alisimama kwenye kiti chake. Gwakisa alipita mbele yangu bila kunipa mkono. Nikamwingiza Ipyana, ambaye hajui chenga ila anapiga mpira ukaenda. Nikamwambia, usikimbie nao, uinue tu, uangukie majini.

Akauinua. Kipa wao alitoka akiungoja udunde umfikie mikononi. Haukudunda. Uliangukia dimbwini ukakaa pale kimya. Vijana wetu wamezoea maji yale tangu mwaka wa kwanza, wa kwanza kufika alikuwa beki wangu wa kushoto. Yule wa kusinzia. Aliusukuma wavuni akalala na maji yake.

Mbili moja. Kombe limebaki.

Nimebebwa juujuu, nimepoteza kiatu kimoja. Gwakisa alikuwa wa kwanza kuninyanyua, analia. Mkuu wa chuo amenipa mkono akasema Jumatatu nije ofisini, ile kaimu tuiondoe. Nimefurahi.

Nilipotazama ng'ambo kiti kilikuwa kitupu.

Jumapili, 24 Mei

Mvua imepungua. Nimefua jezi, zimejaa ua wote.

Baada ya ibada mama mkwe amekuja kukaa kibarazani kwangu. Mlango wa nyumba ya pili ulikuwa wazi, ila yeye haonekani. Mama akakunja khanga, akaanza.

"Baba yako anauliza, kumtoa nahodha pale, ulikuwa umefikiria nini?"

Kwa miaka yote amenitumia maagizo. Kuniuliza, ni mara ya kwanza.

"Mwambie niliacha kuwaangalia wachezaji, nikaangalia dimbwi."

Mama akavuka ua katikati ya jezi. Nikamsikia anasema maneno yangu kwa Kinyakyusa. Kisha mzee akacheka, cheko refu lililoishia kwenye kikohozi. Sikuwa nimewahi kulisikia.

Mama akarudi. "Anasema ndaga, anakushukuru. Na kombe la kwanza, anasema, lilipatikana palepale."

Nimeongeza sentensi hiyo kwenye historia. Kisha nikaenda kugeuza jezi.