Yaya Sifa, Swichi Sasa Inagawa Adrese

Yaya Sifa,

Dada yangu mkubwa, ordinateri yako, ile kompyuta yako, ilienda kwenu Mumosho mara tu baada ya matanga yako. Mama yako alikuja mwenyewe na kaka yako, wakaifunga katika blanketi lako la kijani. Niliwashikia mlango. Ilikuwa yako. Ila wao hawakujua, nami sikuwa na moyo wa kuwaambia, kwamba ndiyo iliyokuwa inazigawia mashini zote za sentri yetu ya mafunzo adrese, zile namba ambazo bila hizo haziingii mtandaoni.

Basi wasichana wa informatike, wanafunzi wetu wa kompyuta, walipokuja Jumatatu na kuwasha, hakuna mashini hata moja iliyopata rezo, mtandao wetu. Wakanitazama. Mimi nikatazama mlango kama mjinga, nikingoja uingie na mwavuli wako unaochuruzika maji, useme, "Riziki, umeharibu nini tena?"

Mkubwa wa sentri akasema wiki ikiisha hivi atafunga darasa letu, chumba akipangishe. Hakusema kwa ubaya. Alisema huku anaangalia kiti chako.

Unakumbuka ulivyokuwa unaipigapiga ile swichi, kisanduku kinachounganisha nyaya za mashini zote, mgongoni? "Huyu iko na akili kuliko vile tunamutumia. Siku moja tutamupa kazi ya kugawa adrese, ordinateri yangu ipumuzike." Siku hiyo haikutukuta wawili. Niliwarudisha wasichana nyumbani, nikakaa sakafuni mbele ya kabati la nyaya, nikaanza. Nikaipa swichi adrese yake yenyewe. Nikatenga ya rutere inayotuletea intaneti na ya imprimante ya kuchapia, zisije zikapewa mwingine. Kisha nikaionyesha fungu la adrese za kugawa. Niliandika polepole, nikisoma kila mstari kwa sauti, ulivyonizoesha.

Lakini kazi hii, yaya, ni ya watu wawili. Mmoja kwenye swichi, mwingine kwenye mashini, chumba cha pili. Wewe ulikuwa unaita, "Imepata?" nami najibu, "Imepata!" Sasa naandika, nainuka, napita korido, naangalia, narudi. Mara moja nikasahau. Nikaita, "Imepata?" Nikasimama pale nangoja. Mvua tu juu ya mabati. Nililia hapohapo, mikono imejaa vumbi.

Na kweli zilikuwa zimepata. Ila hazikwenda popote. Adrese zinazo, intaneti hakuna. Nikahangaika mpaka nikaamini nimevuruga kila kitu. Ndipo nikakumbuka ulivyoniambia mwaka wangu wa kwanza hapa sentri, ukicheka: "Umewapa nyumba, mulango je?" Sikuwa nimeziambia mashini zipitie wapi kutoka nje. Nikaongeza adrese ya rutere katika lile fungu, nikahifadhi upesi, maana umeme wetu unaujua. Nikazima mashini moja, nikaiwasha tena. Intaneti ikafunguka.

Kesho yake wasichana waliingia, wakakaa, wakaendelea na kazi yao. Hakuna aliyeuliza kitu. Darasa halikufungwa. Ulikuwa unasema rezo nzuri haizungumzwi na mtu, na ni kweli. Lakini nilitaka mtu mmoja ajue.

Nikapiga namba yako. Vidole vilijiendea vyenyewe. Na simu ikaita, yaya.

Ni mama yako aliyepokea; simu yako bado anaiwasha. Nilisikia anavyopumua, na kuku nyuma yake. Kisha akasema, "Ni Riziki?"

"Ni mimi, maman."

Akaniuliza nitafika Mumosho lini. Nikamwambia Jumamosi. Akauliza tena:

"Utalala?"

Nitalala, yaya. Katika kitanda chako, akinikubalia. Asubuhi nitamchotea maji, halafu nitakaa naye mpaka achoke mwenyewe kunitazama. Na Jumamosi nyingine nitarudi, na nyingine tena, kila njia itakaponiruhusu. Hilo nakuahidi.

Pumzika, yaya wangu. Kwaheri.

Mdogo wako,
Riziki