Papa iko numero saba

Nguba, siku ya ine

Leo nilifungua memware ya zamani, kile kitabu cha kumaliza masomo, ya profesa mwenye kuongoza yangu, nione tu vile aliandika sehemu ya metode. Nyuma kuna liste ya wachimba zahabu wa Mwenga wenye aliuliza maulizo. Papa yangu, mwenye alichimbaka kule, iko numero saba, eti amejibu mu mwezi wa kumi na mbili. Ile mwaka tulimuzika Papa mu mwezi wa tano!

Na ni yeye profesa anatuimbiaka mu darasa: «Sayansi ilianza siku mutu alikataa kusadiki kitu hajajionea!»

Nilifika ku nyumba na kasirani, nikamuelezea Maman. Akaangalia meza yangu.

«Na hizi karatasi za maulizo unajazaka na bic yako, hao watu wa Shabunda uliwaona wapi?»

Karatasi ya juu kabisa niliipatia jina ya tonton mumoja, mujomba wa kule. Sijue hata kama angali muzima.