Taa ya Barazani Niliizima Mimi

Nyumba Na. 2214,
Mtaa wa Hickory,
Des Moines, Iowa.
7 Novemba 1987

Mpendwa mkwe wangu Dell,

Pokea salamu zangu, hata kama mkono unasita kuzipokea. Natumai barua hii inakukuta mzima, vumbi la makaa ya mawe halijakukaa kifuani, na baridi ya Wyoming haijakuingia mifupani. Sisi hapa miili mizima. Goti langu la kushoto linauma kila mvua ikikaribia, hilo si habari mpya. Mwanao Maren amerefuka mno. Suruali niliyomnunulia Agosti sasa inamwishia juu ya vifundo vya miguu. Kaburi la mwanangu Karla liko safi. Kaka yangu Orrin alilipalilia kabla majani hayajaanza kuanguka.

Nakuomba usiichane barua hii kabla ya kuimaliza. Ukishaimaliza, ichane ukitaka.

Nimepiga simu mara tatu kwenye nyumba unayopanga. Yule mama mwenye nyumba ni muungwana, lakini uongo haujui. Mara ya tatu aliniambia, "Mama, yuko hapa hapa mezani anakula, ila anatikisa kichwa." Kisha akaninong'oneza kwamba umeshafunga mizigo, na tarehe kumi na tano unaondoka kwenda Alaska kwenye kazi za bomba la mafuta. Alaska, Dell! Mtoto wa miaka minane atakufuata huko na nini? Simu ilipokatika niliketi kwenye ngazi nikalia, mimi ambaye hukuniona nikilia hata siku ya mazishi.

Sasa nisikilize. Kuna jambo hukulijua, na mimi sikujua kwamba hulijui. Hapa kwetu siku ya Halowini watoto hawazunguki majumbani kuomba pipi tarehe thelathini na moja Oktoba. Wanazunguka tarehe thelathini. Tunauita Usiku wa Ombaomba, na ndivyo ulivyo tangu Karla hajazaliwa. Tena mtoto hapewi pipi bure. Lazima atoe kichekesho kwanza. Wewe umekulia Texas, na huko Halowini ni tarehe thelathini na moja, basi. Ulipomwandikia Maren, "Nitakuja Halowini, mimi kunguru, wewe sanamu ya kutishia ndege, tutapiga hodi mtaa mzima," hukutaja tarehe. Mimi niliyeisoma barua hiyo kwa sauti wala sikuuliza. Mtu haulizi Krismasi ni lini.

Naomba nikwambie ukweli kuhusu sikukuu hii, maana sijawahi kuipenda moja kwa moja, wala kuichukia moja kwa moja. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Siku hiyo alizima taa zote, akatukalisha jikoni kimya, mimi na Orrin, tukisikia watoto wa wenzetu wakicheka barabarani. Alisema, "Mtoto wangu hataomba kwenye milango ya watu kama hana kwao." Nikaapa nikiwa mkubwa sitamfanyia mwanangu hivyo. Lakini nilipokuwa mkubwa nami sikupenda kumwona Karla akinyoosha ndoo kwa watu. Halafu zikaja habari za nyembe ndani ya matufaha wanayopewa watoto, nikawa nakata kila tunda vipande vipande mpaka halina ladha. Na mchungaji wetu kila mwaka analikemea jambo hili, huku mkewe anakaanga bisi za kugandisha kwa sukari na kuzigawa mlango wa nyuma.

Pamoja na hayo yote, ni siku pekee katika mwaka ambayo najua nani anaishi mtaani kwangu. Karla akiwa na miaka sita alitoa kichekesho kimoja nyumba arobaini, na kila mlango alicheka yeye kwanza. Ningetoa nini leo nisikie kile kicheko!

Basi, ile Ijumaa ya tarehe thelathini Maren alivaa tangu saa tisa mchana. Shati lako la mirabaraba, mabua ya mahindi mikononi na shingoni, kofia ya Orrin. Alikaa dirishani. Saa kumi na mbili watoto wakaanza kupita, king'ora cha wazima moto kikalia kufungua zoezi, na wewe huonekani. Nikasema, "Twende, Baba atatukuta njiani." Akasema, "Tusubiri kidogo, Bibi." Tukasubiri kidogo. Tukasubiri tena kidogo. Saa moja nikamshika mkono tukatoka.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Bwana Fitch, jirani yangu, unamkumbuka, yule mwenye mbwa kipofu. Akatoka amejifunga bandeji kichwani na kupaka nyanya usoni. "Haya, sanamu, leta kichekesho! Bila kichekesho hakuna pipi, hiyo ni sheria ya mji."

Maren akasema ulichomwandikia: "Kunguru alimwambia nini sanamu wa shambani siku mvua ilipoanza kunyesha?"

"Ee, hicho kigumu," akasema Fitch. "Nakubali, umenishinda. Alimwambia nini?"

Dell, wewe ulimpa mtoto swali, jibu ukalizuia. Ulimwandikia, "Jibu nakuja nalo mwenyewe, tutalisema pamoja mlangoni." Najua ulifanya kwa mapenzi. Lakini alisimama pale na ndoo yake, mdomo wazi, akaangalia barabarani upande unakotokea Magharibi. Fitch akajaribu kumwokoa, "Hakuna taabu, mpenzi, chukua mbili." Akazikataa. Akasema, "Sijalipata jibu, kwa hiyo sistahili." Akageuka akarudi nyumbani, mabua yakimdondoka njia nzima, nami nyuma yake nimebeba kofia.

Hakula usiku ule. Aliniuliza mara moja tu, "Bibi, Baba amenitania?" Nikamjibu sijui. Hapo ndipo hasira iliponishika, na hasira ni hasara, mwanangu, sikuambii ya kusikia.

Jumamosi, tarehe thelathini na moja, nilijiambia: akitokea leo na visingizio vyake, asifikirie mlango huu ni wa kuingia na kutoka apendavyo. Unajua taa yangu ya barazani huwaka kila jioni ya Mungu. Jioni ile niliizima. Usiniulize kama nilisahau. Niliizima kwa ajili yako. Maren alikuwa juu kitandani, uso ameuelekeza ukutani. Mimi nikakaa jikoni na birika la chai, gizani, kama baba yangu.

Kabla ya saa mbili nikasikia gari likisimama. Nikasikia viatu vikipanda ngazi. Nilijaribu kujidanganya kwamba ni mtoto wa mji mwingine asiyejua tarehe zetu. Lakini viatu vya mtoto havina uzito ule, Dell. Nilijua. Ulisimama muda mrefu, birika likachemka, nikalizima lisipige mluzi ukasikia kuna watu. Hukubisha. Nani asiyejua katika nchi hii kwamba taa ikizimwa maana yake usibishe? Tena nilishakwambia siku ya mazishi, mbele za watu, "Ungemleta Karla kwetu mapema angekuwa hai, na baraza hii usiikanyage tena." Ulipoona giza uliona maneno yale yale. Ukashuka ngazi. Nikasikia gari linawaka. Nikanywa chai yangu, nikajiona nimeshinda.

Jumapili tukitoka kwenda kanisani nikauona mfuko nyuma ya kiti cha kubembea. Ndani yake mlikuwa na mdomo wa kunguru wa karatasi ngumu uliopakwa rangi nyeusi, mabawa mawili ya turubai yenye mishono mikubwa mikubwa ya mkono wa mwanamume, na ndoo ndogo mpya ya rangi ya boga. Nikajikalisha kwenye kiti kile. Ndipo nikaelewa kwamba hukuchelewa. Ulikuja siku uliyoahidi, kwa saa yake, umeendesha mwendo wa siku nzima, na mabawa umeyashona. Maren alikuwa tayari ameingia garini, anafungua kioo: "Bibi, una nini?" Nikasukuma mfuko chini ya kiti. Nikamwambia goti.

Niliuficha siku tano kwenye pipa la unga. Nilimwacha mtoto aamini baba yake ni mwongo, kwa sababu kumwambia ukweli kulimaanisha kumwambia mwongo ni nani. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi nimepewa vyote viwili, na vyote vinalala chumba cha juu. Shuleni walinipigia kwamba amekaa peke yake mapumziko yote. Nyumbani akaacha kukutaja. Picha yako iliyokuwa kwenye meza yake niliikuta kwenye droo ya soksi, haikupasuliwa, imefunikwa tu. Hapo nilikaribia kupiga kelele.

Jana jioni sikuweza tena. Nilimketisha jikoni, nikautoa mfuko, unga umeujaa wote, nikamwambia kila kitu kama nilivyokuandikia wewe. Hakulia. Aliyafuta mabawa unga, akayanusa. Akaniuliza, "Alikuja?"

"Alikuja."

"Alikuwa mlangoni, na wewe ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa kwenye kiti hiki hiki."

Alinitazama, Dell, kwa macho ya Karla kabisa, nikatamani anitukane. Akainuka, akaenda mlangoni, akawasha taa ya barazani. Akaniambia, "Usiiguse, Bibi." Sijaigusa. Inawaka mpaka sasa, na ni mchana. Bwana Fitch amepita kuniuliza kama siku hizi siogopi bili ya umeme.

Kuhusu lile swali, tumeupekua mfuko mpaka mishono, hakuna karatasi. Jibu uliondoka nalo. Mimi nimejaribu: labda kunguru alimwambia, "Nipe kofia yako"? Maren akasema, "Hapana, Bibi, Baba ni mchekeshaji kuliko hivyo." Orrin naye amejaribu, akafukuzwa mezani. Mtoto anasema lipo moja tu, na unalo wewe.

Yale niliyokutamkia makaburini nayafuta. Daktari alikwishaniambia kabla ya maziko kwamba hata ungemleta mwaka mzima mapema, ugonjwa ule usingesikia dawa. Nililijua hilo nilipokuwa nakutukana. Nilikuwa nimempoteza mwanangu nikahitaji mtu wa kumlaumu, na wewe ulikuwa umesimama karibu. Sina utetezi mwingine. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, njoo hivyo hivyo na chuki yako, ukae chumba cha chini, tusisemeshane, lakini mtoto akuone. Nakusihi kwa jina la Karla, usiende Alaska ukidhani mlango huu umefungwa. Ukienda umeshasoma haya, nitakubali. Ukienda hujayasoma, sitajua nimwambie nini mtoto huyu miaka yote iliyobaki.

Orrin anakusalimu, na anasema gari lako likiharibika njiani mpigie, atakuja na trela popote. Bwana Fitch anakusalimu, na bado anadai jibu. Msalimie mama mwenye nyumba, mwambie Mungu amzidishie kwa kushindwa kudanganya. Naipeleka barua hii kwa njia ya haraka ili ikufikie kabla ya tarehe kumi na tano. Mwenyezi Mungu akulinde barabarani, akulaze palipo na joto, na akulainishie moyo pale nilipoukaza mimi.

Mama mkweo akupendaye, aliyechelewa kukuambia,

Ardith

Maren amesoma barua hii yote begani kwangu, kanisahihisha mahali pawili. Anasema nikuandikie hivi: jibu usilitume kwa posta. Taa inawaka. Wewe bisha tu, hatutakudai kichekesho kwanza.