Ncha ya Pili ya Kamba

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Rhotia tumeamka salama. Mahindi yanatoa mbelewele, na mjomba wako kanunua bodaboda, kelele tupu.

Umeniuliza kwa nini kitanda kinaitwa hivyo. Nilijua nilipoolewa. Babu yako alileta fremu tupu ya mbao, akanipa ncha ya kamba ya ngozi, akasema, "Shika, tutande." Kutanda ni kukaza kamba zile toka upande huu hadi ule, na peke yako huwezi. Tulikuwa bado tunaoneana aibu. Akavuta, nikavuta, mpaka tukacheka.

Tangu atutoke, kamba zimelegea, nalala kama kwenye beseni. Mjomba wako anataka kuninunulia kitanda cha chuma. Nimekataa. Likizo ukija, utashika upande wa babu yako.

Bibi yako